Tone Nene

Kidole cha nne, mkono wa kushoto.
Ndivyo tulivyofundishwa: chagua kidole kisicho na kazi.
Cha Tunu Shekue kimefanya kazi,
kina sugu ya mpini wa ufagio na harufu ya jiki;
nimechoma mara mbili ndipo damu ikakubali.

Samail, mwezi wa nane, saa nne asubuhi.
Nje jua limewasukuma hata mbuzi chini ya magari,
naye anatetemeka ndani ya mablanketi mawili.
Bi mkubwa wake amesimama mlangoni: "Mafua tu, ya AC."

"Umerudi lini kutoka kwenu?" namuuliza kwa Kiarabu.
Kimya. Anatazama kitambulisho kifuani pangu.
Nauliza tena, kwa Kiswahili,
anainua uso kama mtu aliyeitwa na mamaye.
"Siku ya kumi na mbili leo. Nilikwenda Muheza kuzika."
Kisha, chinichini: "Mtanirudisha?"

Mimi Thuweiba, wa Wete kwa kitovu, wa hapa kwa karatasi,
nimesoma damu za bonde hili miaka thelathini na mmoja.
Nilipofika, malaria ndiyo mwenyeji, sisi wageni.
Ilikaa mkekani na watu, ikala nao tende;
ungempapasa mtoto ubavuni
ukakuta bandama ngumu kama bakuli lililofichwa.

Muhenna alifuata falaji tangu alfajiri
na kata yake nyeupe yenye mpini mrefu:
anachota, anahesabu viluwiluwi, anaandika, anamwaga,
hatua kumi, anachota tena.
Wakamwita Mchota Asiyekunywa.
Alitia samaki wadogo mabirikani, watoto wakawavua.
Akatia wengine.
Siku ya kupulizia kuta, Bi Raya alimfungia mlango:
mwanamume hatii dawa chumbani kwangu!
Akaondoka bila neno. Akarudi na dada yake,
bomba mgongoni mwa dada.

Ukapita mwaka bila pete hata moja kwenye kioo.
Ukapita wa pili. Hakuna aliyepiga ngoma;
nani husherehekea mgeni asiyekuja?
Vijana wangu wa maabara wanaijua kwa slaidi ya mafunzo,
ile ile, iliyopauka.

Sasa naitandaza damu ya Tunu,
tone nene, tone jembamba.
Naikausha. Naitia Gimsa. Nangoja.
Tone la mafuta, lenzi inashuka,
na hao hapo:
pete za zambarau, kila moja na kito chake chekundu,
mbili katika chembe moja, kama bibi harusi asiyetosheka.

Naona haya kusema: nilifurahi kuwatambua.
Kama jirani mbaya wa mtaa wa utotoni,
umkutaye ugenini, ukampa mkono
kabla hujakumbuka alichokuibia.

Alituibia Suweid. Miaka mitatu, mdogo wangu.
Usiku ule Wete hatukuwa na hadubini,
tulikuwa na kitambaa cha maji
na mama akihesabu pumzi.

Basi nami nahesabu. Chembe nyeupe mia mbili,
na pete zote zilizo kati yake.
Naandika. Napiga simu.
Jioni watafika nyumbani kwao na kata,
watachungulia tangi, sahani za maua,
na ndoo ile inayokinga matone ya AC.

"Tunamtafuta mdudu, Tunu. Hatumtafuti mtu."
Nimelisema kwa sauti kubwa, kwa lugha zote mbili,
ili la pili lifike mlangoni.
Sijui kama ni kweli kila mahali. Humu ndani ni kweli.

"Vidonge hivi, siku tatu. Ameze na kitu chenye mafuta."
Bi mkubwa amekaa kimya kitambo, kisha:
"Maziwa yanafaa?"
"Yanafaa."
Akajitanda shela, hakumwita dereva,
akavuka barabara kwenda dukani
kwa miguu yake, katika jua lile.